Tende Isiyolika

Mkono wa mgeni ulishafika kwenye sahani ya tende, na Arishat hakujua tena ipi ni ya kioo.

Asubuhi mumewe, mpuliza kioo, alikichomeka humo kichupa chake kipya chenye umbo la tende, shingo chini. "Hao wakwe wajionee. Sidoni nzima nani ana mkono kama huu?" Kalibu aliitoa kwa kukandamiza tende ya kweli kwenye udongo, kwa hiyo kila kunyanzi lilikuwepo.

Sasa fundi yuko uani anachota divai, na mgeni anaokota bila kutazama.

"Mwanao kijana mzuri, mama," alisema. "Lakini binti yangu simwozi ovyo. Kioo ni kazi ya kuvunjika."

Akainua tende mdomoni. Ilimeta. Ila zote zilimeta. Arishat mwenyewe alizipaka mafuta ili zipendeze.

Kumgusa mkwe ni aibu. Na kumlisha vigae je?

Akampiga kofi mkononi. Tende ikaruka, ikatua sakafuni: pwata! Haikuvunjika. Ilinata pale kwenye jiwe, laini, kokwa ikichungulia.

"He! Hata posa hatujamaliza, mama, ushaninyima tende?"

Arishat akafungua kinywa ajieleze. Lakini mke wa mgeni, aliyeketi kando ya mumewe tangu waingie, akamtangulia. Shavu lake moja lilikuwa limetuna.

"Jamani," akauliza, "hii yangu mbona ya baridi?"