Picha za Tovuti ya Vikapu

Mama alifariki juzi, na mchana huu tovuti ya duka letu la vikapu ilitakiwa ifunguliwe, kabla watalii wa kiangazi hawajatoka mjini Darwin kuja huku kijijini kwetu, kaskazini mwa Australia. Duka lina jina lake. Kila picha niliyopanga ina uso wake.

"Futa jina, futa picha," alisema mama mdogo Leonie, kaipa kompyuta mgongo. "Kwa mila yetu marehemu hatajwi wala hatazamwi mpaka wazee waruhusu. Au chuo kimekusahaulisha?"

"Nikifuta, mama mdogo, nani atatupata? Duka litakufa."

"Basi life."

Nikafuta jina, nikafuta picha moja moja, ikabaki ya mwisho: mama amebana jani la mkadi la kusukia kwa meno, anacheka. Kompyuta ikauliza kama nina hakika ya kuifuta.

Nikaufunika uso wake kwa kiganja, nikabonyeza ndiyo.