Tumbili Waliokataa Kushuka

Nilikuwepo, na asiyeamini amlete mwingine aliyekuwepo. Kabla Wahunni, wale wapiganaji wa kale kutoka Asia, hawajaitetemesha dunia juu ya farasi wao, tumbili walishafanya hivyo juu ya punda milia. Walikula mgongoni, wakalala huko huko, hata kutembea wakasahau. Fisi walikimbia, nyati wakawaachia malisho. Kilibaki kisima kimoja tu, ambapo Bibi Nungunungu aliwanyweshea wajukuu zake.

"Bibi, tupishe," akasema Mfalme Tumbili. "Kisima ni changu."

"Haya, baba. Ila hapa kwetu mahali ni pa aliyepakanyaga." Bibi akamwinamia punda milia. "Karibu, mfalme wangu. Kunywa."

"Huyo? Huyo ni kiti changu!"

"Kiti kimeshafika, mwanangu. Wewe bado uko njiani."

Jeshi likacheka chinichini. Mfalme kwa hasira akaruka chini ili apakanyage, lakini miguu yake ilishapinda kama upinde, akakaa kitako topeni. Punda milia alipohisi mgongo wake umekuwa mwepesi akatimua mbio, na wenzake wote wakamfuata, jeshi zima likipiga mayowe mgongoni. Hawajarudi mpaka leo.

"Bibi," akasema Mfalme kwa sauti ndogo, "nina kiu."

Bibi Nungunungu akamchotea maji kwa kata. "Karibu, mwanangu. Sasa umefika."

Yote ni kweli tupu. Kata tu ndiyo nimeitia mimi. Sikupenda mfalme mzima aonekane akinywa kama mbuzi.