Saluni ya Mama Tusekile

Sheria ya mji wetu inataka kila duka lililofungwa lichorwe ukutani kama lilivyokuwa, wageni wasione mji umekufa. Saluni yangu watu wa halmashauri waliifunga Jumatatu. Kufikia Alhamisi mchoraji, Mwakalinga, alikuwa amemaliza kila kitu: kibao chenye jina, kutu kwenye misumari, na mimi mlangoni nikitabasamu.

“Nifute,” nikamwambia.

“Mama, mkaguzi ameshapitisha.”

“Mimi sijapitisha. Mmenifungia kazi, halafu nicheke?”

Nikamnyang'anya brashi, nikaichovya kwenye rangi nyeusi. Binti yangu Tusekile akafika kutoka shule, akanipita, akamwamkia yule wa ukutani.

“Shikamoo mama.”

“Mama yako ni mimi.”

“Najua. Lakini huyu hafoki.”

Nikabaki nimeshika brashi, rangi ikinidondokea viatuni.