Kitako cha Sanduku

Mwenyekiti wa soko alilaza kiganja juu ya kitako cha sanduku la kura nililokuwa namalizia.

"Fundi, ubao huu usiupigilie. Uache uteleze tu. Tumeelewana?"

Nilikuwa nimebana misumari mdomoni. Akadhani nimekubali, akacheka.

Mama yangu ameuza vitunguu sokoni humo miaka ishirini, chini ya paa linalovuja ambalo huyu bwana kila uchaguzi huahidi kuliziba. Kesho atasimama foleni na miguu yake iliyovimba, atumbukize karatasi humu, arudi nyumbani akiamini naye amesema.

Nikaitema misumari kiganjani, nikausimamisha mmoja katikati ya vidole vyake, nikainua nyundo.

"Toa mkono," nikamwambia. "Au uache. Mimi napigilia."