Ubatizo wa Wodini

"Nimekuja kumshukuru mke wa mchungaji," alisema mgeni alipoombwa asimame ajitambulishe. "Mimi ni Mkatoliki. Mwanangu alipokuwa katika hatari ya kufa, yeye ndiye aliyembatiza."

Kanisa zima likaitikia "Amina!" kabla halijaelewa limeitikia nini. Makofi yakaanza, yakafifia. Watu wakageuka kumtazama mke wa mchungaji, aliyekuwa amekaa na wanakwaya wenzake, macho chini.

Katika kanisa lile mtoto mchanga habatizwi. Anawekewa mikono, anaombewa, anarudishwa kwa mama yake. Ubatizo ni wa mtu mzima aliyetubu kwa kinywa chake mwenyewe, tena anazamishwa mwili mzima, si kudondoshewa matone kichwani. Mchungaji alikuwa amelihubiri jambo hilo miaka nenda miaka rudi, na hakukosa kuwatania Wakatoliki kwamba wanabatiza watu wakiwa wamesinzia.

Mkewe alikuwa mkunga. Mchana wa tukio lile mgeni yule alijifungua katika wodi yake mtoto njiti, wa kutoshea kiganjani. Mkunga alimkimbiza kwenye meza ya joto kando ya sinki, akampa mama mgongo, akaanza kumsaidia kupumua. Mama alikuwa ametundikiwa dripu, hawezi hata kuinua kichwa.

"Sista, vipi mwanangu?"

"Tulia, mama. Bado nahangaika naye."

"Basi mbatize. Nakuomba."

"Mimi si wa kanisa lenu."

"Haidhuru. Padre alitufundisha, penye hatari yeyote anaweza, hata asiye Mkatoliki. Asiondoke hivi hivi, sista, kama mtoto asiye na mwenyewe."

Mkunga alimtazama mtoto. Kisha akauliza jina, akaambiwa ni la babu yake. Akafungua bomba, akakinga maji kwa kiganja, akammiminia mtoto kichwani, akalitaja jina lile kwa sauti ya kufika kitandani: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Akamfunga mtoto kwa shuka jeupe, akamweka kifuani kwa mama. Mama alimwimbia polepole, huku akimpapasa, mpaka mkunga alipomshika bega.

"Ameenda, mama."

Kabla ya maziko padre alimwita mkunga pembeni. Alimuuliza maswali machache: maji yalikuwa maji kweli, maneno yalikuwa yapi, mtoto alikuwa bado hai, maana maiti habatizwi? Akajibiwa yote. Hakumuuliza anasali wapi. Akaliandika jina la mtoto pamoja na waliobatizwa, akamzika kama mwana wa kanisa.

Wazee wa kanisa la mkunga hawakuwa wepesi hivyo. Baada ya ushuhuda ule walimketisha katika vestri, chumba cha nyuma ya madhabahu, na mkubwa wao, ambaye vijana walimwita Mzee Aya kwa sababu hata salamu aliitolea andiko, ndiye aliyeuliza.

"Mama mchungaji, unaamini maji yale yalimwokoa mtoto?"

"Hapana."

"Sasa ulimbatiza ya nini?"

"Mama yake aliomba."

"Basi simama Jumapili useme haukuwa ubatizo, yalikuwa maneno ya kumfariji mgonjwa. Yaishe."

Mkunga akatikisa kichwa.

Mzee Aya akalainisha sauti. "Binti yangu, tusaidie nasi tukusaidie. Tafuta neno lolote la kujitetea, tutalipokea."

"Sina, mzee. Nilimbatiza."

Nyumbani mchungaji alimkuta jikoni, akiosha sahani ile ile kwa muda mrefu. Akachukua kitambaa, akasimama kando yake kana kwamba amekuja kufuta vyombo.

"Wanasema nikishindwa kuitawala nyumba yangu, siwezi kuongoza kanisa," alisema. "Mke wangu, wewe huna uongo. Kuna kitu hukusema. Niambie mimi, hata kama hutawaambia wao."

"Nikikuambia utakisema."

"Nitakisema kwa nani?"

"Kwa wote. Ukiona kinaniokoa, utakipeleka mpaka madhabahuni. Nakujua, baba."

Mchungaji alifuta sahani, akairudisha kabatini, akaenda kulala bila kula.

Jumapili iliyofuata alisoma mwenyewe uamuzi wa wazee. Mkewe atolewe kwaya. Asiongoze tena akina mama. Asikaribie meza ya Bwana mpaka atakapokiri kosa lake. Alipofika katikati akanywa maji, akaendelea. Mkunga alivua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya kiti. Akatoka peke yake, na hakuna mkono uliomgusa njiani.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mama yule alikuwa akimngoja. Alikuwa amesikia yote dirishani.

"Nimekuponza, sista. Ningejua nisingefungua mdomo."

"Usiseme hivyo."

"Wanasema ubatizo ule si kitu. Kwangu mimi ndio kitu pekee nilichompa mwanangu." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Kuna jambo nataka kukuuliza. Siku ile sikuona, ulikuwa umenipa mgongo. Maji yalipomgusa, alifanyaje?"

Mkunga alimshika mikono yote miwili.

"Alikunja uso," alisema. "Kama anataka kulia, halafu akaghairi."

Mama alicheka na machozi yakamwagika papo hapo. "Baba yake mtupu! Naye hapendi maji ya baridi." Akamkumbatia kwa nguvu, kisha akaondoka, akitembea wima kwa mara ya kwanza tangu mazikoni.

Mkunga alimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona. Mtoto yule alikuwa amekata roho mikononi mwake kabla mama hajatamka neno la ubatizo.