Risiti ya Nyuma ya Jikoni

Vijana wawili wa kampuni ya kudai madeni walikuwa wameshaifungua kamba ya ng'ombe Tryphena alipokumbuka jambo.

Asubuhi yote alikuwa amepekua nyumba akitafuta risiti ya hospitali. Mchwa walishaila zamani. Mumewe alifia wodini kule Voi miaka mingi iliyopita, na leo hawa wanadai bili yake haikulipwa.

"Mama, usitupotezee wakati," alisema mwenye kofia. "Bila risiti, ng'ombe anaenda."

Tryphena alimshika mkono, akamvuta kama mtoto mtundu hadi nyuma ya jikoni, katikati ya sukumawiki. Kaburi la mumewe lilikuwa na ufa, na juu ya simenti alikuwa ameanika maharagwe.

"Mgonjwa wenu huyu hapa," alisema. "Mochari walimzuia kwa sababu ya hiyo hiyo bili. Kijiji kizima cha Bura kilichanga, kanisa likauza mbuzi, ndipo wakatuachia mwili. Sasa niambie, kijana wangu, ni hospitali gani hapa kwetu inatoa maiti kabla ya kulipwa?"

Kijana alilitazama kaburi. Polepole, akavua kofia. Kule uani, mwenzake aliyesikia yote aliiachia kamba, na ng'ombe akarudia majani yake.

"Pole, mama."

Lakini Tryphena alikuwa ameshaketi juu ya simenti, anacheka huku akijifuta machozi kwa leso.

"Baba watoto," alisema, akilipigapiga kaburi kwa kiganja, "kumbe bado unalinda boma."