Karamu ya Kipa wa Bara

Lilianza tumbo. Kabla Bi Alawiya hajamwona mtu, alisikia tumbo likinguruma nyuma ya pazia la kibanda chake, ngurumo ndefu kama ya lori lililobeba kokoto. Kisha pazia likasogea, akaingia kijana mrefu ajabu, begi begani, glavu za kipa zikining'inia kwenye zipu.

"Shikamoo mama. Viazi karai viko tayari?"

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

Kumbe Webuye. Jina lake Bramwel, ameteremka kwenye basi asubuhi ile, amekuja kucheza mpira.

Bi Alawiya akaitazama mikono ile, mirefu kama makasia, akaikaza kiunoni leso yake ya zambarau. Alasiri hiyo, nyuma ya ukuta ule ule wa uwanja alioegemezea jiko lake, Pweza wa Kisauni walikuwa wanacheza na Radi ya Webuye, mechi ya mwisho ya msimu. Pweza wakifungwa, washuka daraja. Wakishuka, uwanja utabaki na mbuzi, na mbuzi hawanunui viazi. Mwenyekiti wa timu alikuwa ameapa kufanya mabadiliko, lakini mwenyekiti huyo alikuwa ameapa mengi.

Akamvuta pembeni Nyale, muuza kahawa. Nyale akashangaa: basi la Radi halijafika hata Mazeras, huyu amepitia wapi?

"Wamemtanguliza aje apeleleze," akanong'ona Bi Alawiya.

Nyale akashauri dawa ya kuendesha kidogo tu, ndani ya kahawa. Bi Alawiya akamkata jicho.

"Wallahi hapa mgeni hadhuriwi, Nyale. Hushibishwa tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Basi ikawa karamu. Vikapita viazi kumi na vinne na ukwaju wake. Nyamvula, jirani wa mahamri, akaleta sinia na mbaazi za nazi zilizojaa pomoni. Kisha wakamtembeza kijana huyo uwanja mzima kwa nje, ukuta hadi ukuta, kibanda hadi kibanda: mishkaki huku, kaimati kule, dafu la kuteremshia, haluwa ya kufungia. Kila alipotoa mkono mfukoni kulipa, ulijazwa kitu kingine. Kwa mdomo alikataa, kwa mkono alipokea.

Alikuwa mdadisi. Aliuliza goli la upande wa bahari lina upepo gani. Akauliza kama kuna chumba cha kupanga karibu, na Nyamvula akamwelekeza kwa mkwewe, huku akimkonyeza Bi Alawiya: jasusi huyu ni stadi. Mwisho akauliza mashabiki wa hapa humfanyaje kipa anayefungwa.

"Humzomea mpaka kwao," akajibu Nyale.

Bramwel akabadilika rangi, akala mahamri mawili kujituliza.

Nyale akafurahi, akakariri taratibu kama mtu anayepima pishi: "Njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya."

Saa nane na nusu Bramwel alikuwa ameketi kwenye benchi la Bi Alawiya, miguu mbele, mshipi umefunguliwa matundu matatu, macho yakisinzia. Mbu alitua puani pake. Akainua mkono kumfukuza, ukaishia njiani. Wale watatu wakatazamana kwa furaha kama watu walioozesha binti.

Ndipo honi zikalia. Basi la Radi likapiga kona, wakateremka wachezaji, na nyuma yao jitu moja jembamba, limevaa glavu, linarukaruka kujipasha moto.

Bi Alawiya akahesabu glavu za yule. Akahesabu za huyu.

Bramwel hakuligeukia basi. Alisimama kwa awamu mbili, akafungua begi, akatoa jezi. Ilikuwa ya zambarau, kifuani pweza mwenye mikono minane. Ilipita kichwani, ikapita mabegani, ikakwama tumboni, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumsaidia kuivuta.

Akacheua, akaomba radhi. Akaushika mkono wa Bi Alawiya kwa mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Mwenyekiti aliniambia nitapokewa vizuri, lakini si hivi. Mama, nakuahidi mbele ya hawa: kwa chakula hiki mlichonilisha, leo langoni mwetu hapiti hata inzi."